Sarafu Iliyotoka kwenye Jerikeni

Ninyi mliobaki kwenye benchi mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Sijasahau kitu. Kilichochoka ni macho, ndiyo maana nimerudi kukaa Misiera, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako hakuna mtu anayenitaka nitofautishe fedha na nikeli. Naandika kwa kalamu nene, na binti yangu Esperansi ananisomea kile nilichokwisha kuandika ili nisirudie. Vyeo sitavitaja. Karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye karakana na wasio na karakana, na sijasikia mtu aliyepanda kutoka cha pili kwenda cha kwanza.

Kazi niliipata kupitia kanisa. Nilikuwa nauza dagaa na sabuni hapa Misiera, mjane mpya, na watoto wadogo. Jumapili moja baada ya misa akaja mzee mmoja Mrundi, amevaa koti safi lililofifia, akasimama kando ya meza yangu akinitazama natenga dagaa wazima na waliovunjika. Hakununua. Akaniuliza kwa upole, "Binti, huchoki kutazama vitu vidogo?" Nikamwambia kuchoka nachoka, ila watoto hawali uchovu. Akacheka. Huyo ndiye Mzee Melkiori, sonara aliyejifunzia ufundi Bujumbura kwa baba yake. Wakati ule alikuwa amepanga vyumba viwili Biharwe, nje ya kambi, yeye na mkewe, Mama Veneranda, na alikuwa akifanya kazi Mbarara, Kakoba, kwenye karakana ya Bwana Byaruhanga. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuchambua fedha. Watoto nikawaacha kwa dada yangu, nikaenda.

Siku ya kwanza sikuona kitu chochote kinachong'aa. Nilitegemea kuona duka la mapambo kama yale ya kwetu Kongo, Bukavu, yenye vioo. Nilikuta chumba kimoja chenye moshi, benchi iliyoungua kila mahali, na sinia lililojaa takataka nyeusi: mikufu iliyokatika, hereni zisizo na jozi, vijiko visivyo na mipini, vikuku vya miguuni vilivyopondeka. Mzee Melkiori akanipa sumaku iliyofungwa kwenye uzi. "Inachokivuta, kitupe kule. Isichokivuta, usikiamini bado." Halafu ile tupa ya chuma, ya kukwangulia mpaka ndani kwa sababu juu kila kitu ni kizuri. Halafu jiwe jeusi la kusugulia, na mwisho tindikali. Tone moja kwenye alama uliyoisugua. Ikigeuka nyekundu kama damu, ni fedha. Ikigeuka kijani, ni shaba iliyoazima nguo za watu.

Siku hiyohiyo tindikali ilinirukia kidoleni, nikapiga kelele mpaka wapita njia wakachungulia. Mzee akanimwagia maji, akanipaka magadi, akarudisha chupa mahali pake bila haraka. "Bon," alisema, "sasa mmejuana."

Alama ile bado ninayo. Ninyi mna glavu. Zivaeni.

Kuchambua si kazi ngumu kujifunza. Kigumu ni watu. Posho ilipopunguzwa kambini, wanawake walianza kuja Mbarara na mapambo ya mama zao. Alikuja mama mmoja wa Base Camp, hukuhuku kambini, na bangili aliyokimbia nayo akiwa ameificha ndani ya nguo ya mtoto. Alikuwa ameshapanga la kufanya na hela yake. Nikaijaribu mara mbili. Kijani. Nikamtazama Mzee. Akaichukua ile bangili, akaipangusa kwa kitambaa, akamrudishia kwa mikono miwili. "Hii, mama, kairudishe nyumbani. Sisi hatuwezi kuiyeyusha." Hakutamka neno bandia. Yule mama akaondoka kichwa kimeinama lakini bangili ikiwa mkononi, ameivaa. Nilifanya kazi na Mzee Melkiori kwa miaka mingi na sikuwahi kumsikia akimwaibisha mtu kwa kitu alichokuja nacho.

Na Bwana Byaruhanga, nitasema haki yake pia, hakuwa mtu mbaya. Alilipa kwa wakati. Mama yangu alipofariki, alikuja mwenyewe mpaka Nakivale, akavua viatu, akaketi mkekani pamoja na sisi. Wakubwa wengi wa mjini hutuma bahasha. Yeye alikuja. Ndiyo maana yaliyofuata yamenikaa kooni mpaka leo. Ya mtu mbaya mtu huyazoea.

Basi, ile jerikeni. Mfanyabiashara mmoja wa barabara ya Masaka alikuwa akituletea fedha chakavu kwa jumla. Hakutaka kitu kimojamoja kipimwe, aliuza kwa kilo, na bosi alipenda hivyo kwa sababu ndani ya mzigo huwa kuna bahati. Mara hiyo alileta jerikeni ya njano iliyokatwa mdomo, imejaa hadi juu. Bosi akatia sumaku, akachota hapa na pale, nikajaribu vipande vichache, akanunua yote.

Nilikuwa nimefika karibu na chini nilipokuta kijiko kikubwa cha supu, na ndani ya tumbo la kijiko kuna kitu cha mviringo kimejibana, kikubwa kuliko kizibo cha soda, cheusi tii. Nikakitoa kwa ncha ya tupa. Sumaku haikukitaka. Nikapitisha kidole gumba mara moja, nikaona ndevu. Mwanaume mwenye ndevu ndefu, anatazama pembeni kama mtu asiyetaka kukujua.

"Baba Melkiori, kuya uone. Iko na maandiko ya Kifaransa hapa."

Akaja na lenzi yake jichoni. "Soma wewe, uliyesoma kwa masista."

Nikasoma polepole. Mfalme wa Wabelgiji. Mwishoni, neno Congo. "Ni ya kwetu hii, baba. Ya zamani mingi. Ya wakati wa babu ya babu."

"Na nyuma?"

Nyuma kulikuwa na simba wawili, na utepe wenye maandishi: *Travail et progrès*. "Kazi na maendeleo," nikamfasiria.

"Kazi tuliiona," alisema Mzee.

Tulicheka mpaka akalazimika kutoa lenzi jichoni afute machozi. Kisha akashika mkono wangu. "Usiisugue tena. Mpelekee bosi kama ilivyo."

Watu wameniuliza, na hata mmoja wenu aliniuliza, kama sikufikiria kuitia mfukoni. Wakati huo aproni zetu zilikuwa na mifuko miwili mikubwa. Hakuna aliyekuwa akitupekua. Jibu ni hapana. Naona fahari? Hapana. Ni kama kuniuliza kwa nini sikumwibia jirani chumvi. Haikunijia.

Bosi aliipokea kwa vidole viwili. "Banange! Hii kitu ilikuwa ndani ya jerikeni yangu?" Akaagizia karakana nzima muchomo wa nyama na soda. Akanishika bega mbele ya wote. "Mama Esperansi, wewe ni mutu ya Mungu. Wengine wangeificha hii." Nilifurahi. Nawaandikia kweli, nilifurahi kama msichana, na nilikula nyama ile nikiwa na furaha.

Alipiga picha kwa simu, akamtumia mtu wa Kampala anayekusanya pesa za zamani, kisha akaenda mwenyewe. Alirudi akiwa mtu mwingine. Hakusalimia. Akafunga mlango wa mbele mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatuambia mimi na Mzee tuketi.

"Ile pesa ni ya maana sana," alisema. "Yule mutu ameniambia zimebaki kidogo tu, kwa sababu watu walizoea kuziyeyusha, watengeneze bangili. Sawa. Sasa mimi nauliza. Nimenunua fedha hapa miaka ngapi? Ya Kongo, ya Burundi, ya Masaka. Magunia. Na hii pesa imekuja mara moja tu?"

"Mara moja tu, bosi," Mzee akajibu.

"Zingine zilienda wapi?"

"Hazikuwapo."

"Muzee, zingine zilienda wapi?"

Nikadakia, kwa sababu nilidhani ni jambo la akili ya kawaida na litaisha. "Patroni, kama tungekuwa benye kuiba, hii moja tungekuletea kwa nini?"

Alinitazama. Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililonitisha. "Ili mimi nisitafute zingine," alisema.

Nimelitafutia jibu neno lile miaka yote hii, nikiwa benchini, nikiwa njiani, nikiwa kanisani. Sijalipata. Mtu akishafika hapo, kila jema ulilomtendea linageuka ushahidi. Kama nisingempa ile sarafu, ningeendelea kuwa mtu wa Mungu.

Mimi hakunishuku sana, nadhani kwa sababu aliona watoto wangu wanakula nini. Alimshika Mzee Melkiori. Mzee ndiye aliyeyeyusha. Mzee ndiye aliyekuwa na vyumba viwili Biharwe wakati wakimbizi wenzake wapo kambini. Mzee ndiye aliyevaa koti safi. Koti lile lilikuwa limegeuzwa ndani nje na Mama Veneranda kwa sindano yake mwenyewe, lakini nani angesikiliza?

"Nyumbani kwako kuna fedha?" bosi akamuuliza.

Mtu mwingine angesema hakuna, na yote yangeishia kwenye maneno. Mzee alifikiria, kama kwamba ameulizwa swali la haki. "Kuna msalaba wa mke wangu."

"Leta."

Kesho yake aliuleta, umefungwa kwenye leso nyeupe. Msalaba mnene wa kuvaa kifuani, na Bwana aliyesulubiwa juu yake amelehemiwa vizuri hata mshono hauonekani. Aliutengeneza mwenyewe wakati wa harusi yao, Bujumbura, baba yake akimsimamia. Bosi akauweka mbele yangu.

"Wewe, pima."

Nikamtazama Mzee. Najua alichokisoma usoni mwangu. Kulikuwa na njia. Ningeweza kusugua kijuujuu, nikatia tone chafu, nikasema nikeli, na bosi asingejua. Mzee akatikisa kichwa kidogo sana.

"Pima vizuri, binti," alisema. "Pima kama nilivyokufundisha."

Nikaugeuza, nikasugua kwa nyuma ambako hakutaonekana, nikadondosha tone. Nyekundu. Nyekundu safi kuliko kitu chochote nilichopima mwaka ule.

"Ni fedha," nikasema. Bosi akanifanya nirudie. "Ni fedha, patroni. Lakini fedha haina jina. Haisemi imetoka fasi gani."

"Risiti iko wapi?" bosi akamuuliza Mzee.

Mzee Melkiori alikuwa mtu wa sauti ya chini maisha yake yote, na hata pale hakuipandisha. "Bosi, tulikimbia na watoto. Hatukukimbia na risiti."

Bwana Byaruhanga akazunguka chumba. Nafikiri palikuwa na dakika ambayo angeweza kugeuka, kwa sababu alisimama, akajifuta uso, akafungua mdomo. Kisha macho yake yakaangukia lile sanduku la chuma alimoifungia sarafu. "Mimi sitaita polisi," alisema. "Umefanya kazi hapa siku nyingi. Lakini hii ni fedha ya karakana, irudi kwenye chungu. Mama Esperansi, yeyusha."

Nikaweka koleo mezani. "Hapana, patroni. Mikono yangu haitaweka hii mu chungu."

"Basi na wewe, utoke."

Nilianza kufungua aproni. Sikuwa shujaa, nilikuwa nafikiria ada ya shule. Mzee akanishika mkono, akaufunga tena ule mkanda wa aproni kiunoni mwangu kama unavyomfunga mtoto. Akaketi mahali pake. Akawasha gesi.

Alifanya kila kitu kama siku zote. Moto mdogo kwanza. Akanyunyiza unga wa boraksi. Akauweka msalaba chunguni, akakaza moto. Mikono ya msalaba ilijikunja mapema, lakini katikati palikuwa pazito, na Bwana alibaki amelala pale muda mrefu, mwekundu, mzima, bila kuyeyuka, mpaka bosi mwenyewe akageuka akatazama barabarani. Mimi sikugeuka. Niliona kwamba akigeuka kila mtu, Mzee atabaki peke yake. Ulipokwisha kulegea alikoroga kwa kijiti, akamimina kwenye kalibu, akasubiri kipande kipoe, akakiweka mbele ya bosi kwa mikono miwili. Akavua aproni, akaikunja, akachukua leso yake nyeupe, akatoka. Hakuniaga, na nilielewa. Angeniaga, ningemfuata.

Sikumfuata. Nilibaki kwenye karakana ile mpaka macho yaliponishinda. Esperansi na wadogo zake wamesoma kwa moshi ule, na sitajifanya nina la kujuta katika hilo. Ila chakula cha mchana sikula tena na bosi. Alikuwa akitoa muchomo sikukuu zikifika. Nilikuwa nasema tumbo linauma. Miaka yote ile, tumbo liliuma kila sikukuu, na hakuwahi kuniuliza ni ugonjwa gani.

Juma lilelile mifuko ya aproni ilishonwa ikazibwa. Baadaye ikaja sheria ya kuvua viatu mlangoni, na kukung'uta nywele. Mlipoajiriwa mliambiwa ni utaratibu wa kazi, masonara wote duniani hufanya hivyo. Sijui ya dunia. Yetu ilianza siku nilipompelekea mtu mali yake. Na ile kamera inayowatazama mkisoma haya, kama mnasomea kazini, ilinunuliwa kwa sarafu. Bosi aliihifadhi, akaivutavuta bei, mwishoni akaiuza Kampala, akaweka kamera. Katika jerikeni zote tulizochambua baada ya hapo, kamera ikitazama, haikupatikana sarafu nyingine ya namna ile. Nilidhani hilo litamwambia kitu. Lilimwambia kwamba kamera inafanya kazi.

Mzee Melkiori alishindwa kodi ya Biharwe, wakarudi Nakivale. Hakushika fedha tena. Alikuwa akiziba sufuria na kunyoosha majembe, kazi ambayo fundi wa namna yake angeifanya amefumba macho. Habari ilikuwa imemtangulia. Pale Base Camp kuna watu walimwita Mzee Sarafu, wakidhani ni utani. Nilikuwa namtembelea nikija kuona watoto. Tulizungumza mvua, tulizungumza mihogo, tulizungumza wajukuu. Mara moja tu nilijaribu kuanza, "Baba, ile siku…" akaniambia, "Binti, ulipima vizuri." Nikarudi kwenye habari ya mihogo. Alifariki kifua kikimsumbua, na ninyi mnajua kifua cha fundi wa kuyeyusha kinatoka wapi. Nilimtumia bosi habari ya msiba. Alijibu pole. Mkekani hakuja.

Siku mliyoniaga mlileta keki, na Bwana Byaruhanga akasimama akahutubia. Alisema karakana yake imejengwa juu ya uaminifu. Mlipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu mikono ilikuwa mitupu na sikujua pa kuiweka.

Mnataka ushauri, basi huu hapa. Kwangueni ndani zaidi ya mnavyodhani inatosha. Fungueni dirisha kabla ya kuwasha gesi, hata bosi akisema upepo unazima moto. Mkikuta kitu cha thamani kisichotajwa kwenye mzigo, kipelekeni, lakini mwende wote, benchi nzima, na asiwepo anayeshikwa bega. Na mtu akiwauliza kama nyumbani mna fedha, mwambieni aulize kwa maandishi.

Sasa nakaa nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Veneranda. Ni mkongwe, lakini bado ana nguvu za kupika, na jioni kabla jua halijaingia huwa naenda kumsaidia. Miaka yote hakuwahi kunigusia habari ile. Mimi pia sikuthubutu. Wiki iliyopita tulikuwa tumekaa uani tunamenya ndizi, akaanza bila kuinua macho.

"Melkiori aliniambia aliuyeyusha mwenyewe."

Kisu kikanisimama mkononi. "Ndiyo, mama."

"Alisema hakutaka ifanywe na mikono yako. Hilo nalijua, na sikulaumu." Akatupa ganda kando. "Lakini kitu kimoja hakuniambia. Nilimuuliza, akatoka nje."

"Kitu gani, mama?"

"Msalaba ulichukua muda?"

Nilimwona tena Bwana mle chunguni, mwekundu, mzima. Nilimwona Mzee na moto wake, mgongo umeinama, akingoja.

"Haukuchukua muda, mama," nilimwambia. "Uliyeyuka mara moja."

Akavuta pumzi, akaitoa polepole.

"Afadhali," alisema, akachukua ndizi nyingine.